Umeme wa Nyumbani na wa Zizini

 

Leo katika kipindi chetu hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya mgeni aliyeingia vijijini mwetu, mgeni ambaye wengi wetu tulimngojea kwa miaka mingi. Mgeni huyo ni umeme.

Mwaka 2005 ilipitishwa Sheria ya Nishati Vijijini. Kwa sheria hiyo ukaanzishwa Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo zimepita mahali ambapo zamani palipita ng'ombe na mbuzi tu. Siku hizi utamkuta mkulima mdogo mwenye ekari mbili ana taa sebuleni, ana mashine ya kukatia majani zizini, ana pampu kisimani, na bandani ana balbu ya kulelea vifaranga. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia.

Lakini, ndugu mkulima, umeme hauna harufu, hauna sauti, wala hauonekani kwa macho. Nyoka ukimwona utampisha. Umeme huuoni mpaka umekwisha kukugusa. Kwa hiyo ni lazima tuujue.

Nitaanza na habari moja niliyoiona mwenyewe. Mwaka 2019, wakati wa masika, nilikuwa katika kijiji kimoja cha milimani. Mzee mmoja hapo kijijini alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba ya miezi saba. Umeme ulikuwa umeingia nyumbani kwake na fundi alikuwa ametandaza nyaya vizuri. Baada ya miezi michache mzee akataka taa zizini, ili mama aweze kukamua alfajiri bila kushika kibatari. Fundi alimtajia bei. Mzee akaona ni kubwa. Akamwambia kijana wake, "Wewe si umesoma? Vuta waya tu, uifikishe zizini."

Kijana akanunua waya wa spika, ule mwembamba wa nyuzi mbili. Akaunga sebuleni, akaupitisha juu ya migomba, akautundika kwenye miti, kisha akatoboa bati la zizi kwa msumari na kuupenyeza ndani. Maungio akayafunga kwa mpira wa baiskeli. Jioni taa ikawaka. Watu wakampongeza.

Taa hiyo iliwaka wiki kadhaa. Upepo ulikuwa ukipuliza, na waya ukawa unasuguana na ukingo wa lile tundu la bati, kidogo kidogo, kila siku. Usiku mmoja wa mvua kubwa ganda la waya lilikatika, shaba ikagusa bati. Zizi zima likawa limeshika umeme: mabati, misumari, na mnyororo uliofungwa kwenye nguzo ya chuma. Ng'ombe yule mwenye mimba alikuwa amesimama kwenye tope. Alfajiri mama alipokwenda kukamua alimkuta amekwisha kufa. Akanyosha mkono kuushika mnyororo, akatupwa chini. Bahati yake alikuwa amevaa mabuti ya mpira. Mkono ulimuuma siku nyingi, lakini alipona.

Sasa, ndugu mkulima, usicheke wala usimlaumu mzee huyo. Nenda nyuma ya nyumba yako, tazama kwanza. Huenda waya wa namna hiyo uko kwako pia.

Watu wengi pale kijijini waliuliza swali moja: "Mbona breka haikukata? Si tunaambiwa breka inakata umeme ukiwa na hitilafu?" Swali hilo ni zuri sana, na ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Jibu lake ukilielewa, utakuwa umeelewa nusu ya kazi yote.

Breka ya kawaida, au fyuzi, imewekwa kulinda waya usiungue. Kama breka imeandikwa ampea 20, maana yake ni kwamba itaacha ampea 20 zipite bila kusema neno. Umeme uliopita katika mwili wa yule ng'ombe haukufika hata ampea 2. Kwa breka hiyo ni kitu kidogo, kama taa chache tu zimewashwa. Lakini kwa mwili wa mtu, hata sehemu moja ya kumi ya ampea yaweza kusimamisha moyo. Umeona basi? Breka inalinda waya. Wewe na ng'ombe wako mnahitaji kinga nyingine.

Kinga hiyo ina sehemu mbili, nazo huenda pamoja.

Sehemu ya kwanza ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Huu ni waya wa rangi ya kijani, au kijani na njano. Unaunganisha vitu vyote vya chuma, kama vile boksi la mein swichi, mwili wa pampu, mwili wa jokofu na nguzo za chuma za zizi, na kuvipeleka kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Fimbo hiyo huwa na urefu wa mita moja na zaidi, na hupigwa mahali penye unyevu. Umeme ukivuja kwenye chuma, unapata njia ya kwenda ardhini bila kupita mwilini mwako. Tazama leo kama fimbo yako ipo, na kama waya umeshikwa vizuri na kibanio chake. Sehemu nyingine nimekuta waya wa ethi umekatwa na jembe wakati wa palizi, au umeibwa ukauzwa kwa chuma chakavu, na mwenye nyumba hana habari.

Sehemu ya pili ni swichi maalumu inayopima umeme unaokwenda na umeme unaorudi. Mafundi huiita RCCB. Hii ikiona umeme unaokwenda haurudi wote, inajua kuna mahali unavuja, na inakata mara moja, kabla moyo haujadhurika. Ya nyumbani iwe imeandikwa miliampea 30, yaani sehemu 3 za ampea zilizogawanywa kwa mia. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kila mwezi bonyeza kitufe hicho. Swichi ikiruka na nyumba ikawa giza, nzima hiyo, irudishe juu. Isiporuka, muite fundi.

Kwa nini nasema sehemu hizi mbili huenda pamoja? Kwa sababu udongo wetu, hasa wakati wa kiangazi, haupitishi umeme vizuri. Fimbo peke yake yaweza isivute umeme wa kutosha kuiangusha breka ya ampea 20. Lakini miliampea 30 itazivuta, na RCCB itakata. Lile zizi lingekuwa na vitu hivi viwili, ng'ombe angekuwa hai, na ndama angezaliwa.

Haya, sasa tuingie katika maswali ambayo wakulima huuliza mara kwa mara.

Swali la kwanza: Nitumie waya gani? Waya hupimwa kwa unene wa shaba yake, yaani milimita za mraba. Kwa taa, tumia waya wa milimita 1.5 za mraba. Kwa soketi, tumia wa milimita 2.5. Kwa jiko la umeme au hita kubwa ya maji, fundi ataweka wa milimita 4 au 6, na njia yake ya peke yake kutoka kwenye mein swichi. Breka za taa ziwe za ampea 6 au 10. Kamwe usiruhusu mtu kuondoa breka ndogo na kuweka kubwa ati kwa sababu "inakata kata." Breka inapokata kata inakuambia jambo. Isikilize. Na fyuzi iliyokatika usiifunge kwa waya wowote uliookota, wala kwa karatasi ya sigara. Kufanya hivyo ni sawa na kumwondoa mlinzi mlangoni kwa sababu anapiga kelele.

Ukitaka kujua kifaa kinavuta umeme kiasi gani, chukua wati zake, gawanya kwa 230, kwa maana umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230. Pasi ya wati 1000 inavuta ampea 4 na kidogo. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9. Ukichomeka birika, pasi na jiko dogo kwenye ekstensheni moja, hesabu mwenyewe. Ukigusa plagi ukaona ina joto, umekwisha zidisha.

Swali la pili: Zizi langu, au kisima changu, kiko mbali na nyumba. Nifanyeje? Hapa wakulima wengi huunguza mota zao. Umeme hupungua nguvu njiani kama vile maji yanavyopungua kasi katika mpira mrefu mwembamba. Chukua pampu inayovuta ampea 10, iliyo mita 60 kutoka nyumbani. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 2.5, volti karibu 9 hupotea njiani. Ukitumia wa milimita 1.5, hupotea karibu 15. Ukitumia ule wa spika wa nusu milimita, hupotea zaidi ya volti 40. Mota inayopata volti pungufu haipumziki. Hung'ang'ana, hupata joto, mwishowe huungua. Tena mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko ikiwa imekwisha chapuka. Kwa hiyo kadiri umbali unavyozidi, ndivyo waya unavyotakiwa kuwa mnene. Mweleze fundi umbali kwa mita, ulizopima, siyo kwa kukisia.

Waya wa kwenda zizini ukipita chini ya ardhi, uwe kebo yenye kinga ya nyaya za chuma, au uwe ndani ya bomba gumu. Uzikwe nusu mita au zaidi, na mahali panapopita plau uzikwe chini zaidi. Kisha weka mawe au alama juu yake, na uwaonyeshe watoto wote wa nyumba njia yake. Wewe unaikumbuka leo. Miaka kumi ijayo atakayelima hapo ni mwingine. Waya ukipita juu, usiutundike kwenye mti ulio hai, kwa maana mti hukua na kuyumba. Na popote waya unapopita kwenye bati, upite ndani ya bomba la plastiki. Lile tundu la msumari ndilo lililomuua ng'ombe.

Huenda mtu atasema, "Lakini umeme ni ule ule, mimi ulinipiga na sikufa, ng'ombe atakufaje?" Ng'ombe ana miguu minne, na ya mbele iko mbali na ya nyuma. Umeme ukienea ardhini hupanda mguu wa mbele na kushuka wa nyuma, na njiani unapita moyoni. Tena hana viatu, na daima amesimama kwenye mkojo na tope. Hata umeme mdogo ambao wewe huusikii, yeye anausikia. Ukiona ng'ombe wako anakataa kunywa kwenye birika la chuma, au anaruka ruka wakati wa kukamuliwa wakati zamani alikuwa mtulivu, usikimbilie fimbo. Mwite fundi apime kwanza.

Swali la tatu: Rangi za nyaya zina maana gani? Nyumba za zamani waya wa moto, yaani laini, ni mwekundu, na nyutro ni mweusi. Nyumba mpya laini ni ya kahawia, na nyutro ni ya bluu. Ethi ni kijani, au kijani na njano. Lakini usiziamini rangi peke yake, kwa sababu aliyefunga kabla yako huenda hakuwa na waya wa rangi inayotakiwa akafunga aliokuwa nao. Tumia testa. Na kabla ya kuitumia, ijaribu kwanza mahali unapojua kwamba umeme upo, ili uhakikishe ni nzima.

Kosa moja la kawaida ni swichi kukata nyutro badala ya kukata laini. Taa itazimika, naam, lakini kwenye holda umeme bado upo. Unapanda juu ya kiti kubadilisha balbu, umeridhika kwamba umezima, kumbe sivyo. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha balbu, zima breka ya taa, siyo swichi tu. Na kwa holda za kusokota, waya wa moto lazima uende kwenye kitufe cha katikati, usiende kwenye ganda la pembeni linaloguswa na vidole.

Swali la nne: Niweke wapi swichi na soketi? Nyumba zetu nyingi hupigwa deki kwa ndoo ya maji, na nyingine zina sakafu ya udongo unaonyeshewa maji. Usikubali soketi iwekwe chini karibu na sakafu. Iwe kiasi cha mita moja kutoka chini. Hapo maji hayafiki, wala mtoto anayetambaa haingizi msumari. Bafuni usiweke soketi kabisa. Jikoni iwe mbali na moto na mbali na maji.

Nyumba ya nyasi au makuti inataka uangalifu wa pekee. Waya usipite ndani ya nyasi, wala balbu isiguse paa. Kwa nyumba ndogo kiko kifaa kinachoitwa Umeme Tayari, au UMETA. Hicho ni boksi moja lenye breka, swichi na soketi, nalo hupunguza haja ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Uliza ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, wakueleze utaratibu wa sasa.

Na hapa nitasema jambo juu ya dari. Wengi wetu huhifadhi mahindi darini. Penye mahindi pana panya, na panya hutafuna ganda la waya. Waya uliotafunwa ukigusana na mwenzake hutoa cheche, na chini yake kuna magunia na vumbi kavu la mahindi. Kwa hiyo nyaya za darini zipite ndani ya mabomba ya plastiki, na maungio yote yawe ndani ya viboksi vyenye vifuniko. Mahindi yenyewe, ukiweza, yahamishie ghalani.

Swali la tano: Balbu gani itanipunguzia uniti? Hapa tufanye hesabu. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribiana na huo, na kwa saa zile zile hutumia uniti 1 na theluthi moja hivi. Nyumba yenye taa nne, ya kwanza itakula uniti 36, ya pili uniti 5 na nusu. Tofauti hiyo ni zaidi ya uniti 30 kila mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti ya kwako uone ni fedha ngapi. Hata kama balbu ya LED ni ghali zaidi dukani, inajilipa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo balbu ya LED haifai, nako ni kulelea vifaranga. Pale hatutafuti mwanga, tunatafuta joto, na LED haina joto la kutosha. Wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Tumia balbu ya zamani, au ile nyekundu ya joto. Lakini sikiliza vizuri: usiining'inize kwa waya wake wa umeme. Ining'inize kwa mnyororo au kwa waya wa chuma imara, karibu nusu mita juu ya maranda, na izungushie wavu wa chuma. Balbu ya joto ikianguka kwenye maranda makavu inawasha moto upesi, na banda likiungua usiku, nyumba ya jirani nayo iko karibu. Tazama vifaranga wenyewe watakuambia: wakijazana chini ya balbu wanasikia baridi, ishushe kidogo, wakikimbilia pembeni na kuhema, ipandishe.

Kwa kuku wa mayai, LED ndogo inatosha. Kuku anayetaga hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, na huku kwetu karibu na Ikweta mchana ni saa 12 tu hivi. Unaweza kuwasha taa saa 10 alfajiri mpaka kupambazuka, na tena kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Anza kidogo kidogo, nusu saa kila wiki, kuku wakiwa wamefika umri wa kutaga. Ukianza usiache ghafla, maana watapunguza mayai. Mitemba inayokua usiizidishie mwanga. Itaanza kutaga kabla ya mwili kukomaa. Balbu moja ya wati 9 kwa saa hizo 4 hutumia kama uniti 1 kwa mwezi.

Swali la sita: Nitamjuaje fundi wa kweli? Fundi wa umeme anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe. Fundi mwenye leseni haoni haya kuionyesha. Anayekasirika ukimwuliza, mwache aende zake. Akimaliza kazi, kabla hujamlipa fedha za mwisho, mwambie afanye mambo matatu mbele yako: apime ethi, abonyeze kitufe cha RCCB uone kinakata, na akuandikie kwenye kila breka inahudumia chumba gani. Mwambie pia akuchoree ramani ya nyaya zinavyopita ukutani. Ihifadhi pamoja na hati zako za shamba. Siku utakapotaka kupiga msumari wa kutundikia picha, utaishukuru ramani hiyo.

Na kumrushia jirani umeme kwa waya kutoka nyumbani kwako? Hapana, ndugu. Najua ni ujirani mwema, na jirani anakubembeleza. Lakini sheria hairuhusu, na waya ule ukimuua mtoto wake, ujirani wenu utakuwa umekwisha. Msaidie kujaza fomu ya maombi yake mwenyewe.

Sasa neno la mwisho, nalo ni la kuokoa maisha. Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme, usimguse. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu hiyo. Kimbia kwanza ukazime mein swichi. Kama iko mbali, simama mahali pakavu, msukume kwa mti mkavu au mpini mkavu wa jembe. Akitoka, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua chake, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kama sentimita 5. Usiache mpaka apumue au msaada ufike, na mwingine atafute chombo cha kumpeleka hospitali. Hata akiamka na kusema yu mzima, mpeleke, kwa maana moyo waweza kusumbuka baadaye. Kumzika mtu kwenye mchanga au kumpaka matope hakumsaidii. Kunapoteza dakika tu.

Moto wa umeme usimwagiwe maji. Zima mein swichi, tumia mchanga mkavu. Na waya wa njia kubwa ukianguka shambani, hata kama umetulia kama kamba, usiusogelee. Kaa mbali mita 10 na zaidi, zuia watoto na mifugo, na uwapigie TANESCO. Kama umejikuta karibu nao, ondoka kwa kuburuza miguu pamoja bila kuinyanyua. Usipige hatua ndefu.

Basi, ndugu mkulima, kesho asubuhi kabla hujaenda shambani, zunguka nyumba yako. Tazama fimbo ya ethi. Bonyeza kitufe cha RCCB. Na kama huna swichi hiyo, iweke kwenye mpango wa mauzo ya msimu huu, kabla ya redio mpya. Tafuta maungio yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Tazama kila tundu ambamo waya unapita kwenye bati. Gusa plagi uone kama zina joto. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Yule mzee wa milimani nilimtembelea tena baadaye. Zizi lake lilikuwa na kebo iliyozikwa ardhini, na boksi dogo lenye kinga yake. Aliniambia kwamba fedha alizozikataa kumlipa fundi mara ya kwanza hazikufika hata robo ya bei ya ng'ombe aliyemzika. Halafu akanyamaza kidogo, akasema, "Ng'ombe si kitu. Ningemzika mama watoto." Mama mwenyewe alikuwa zizini, anakamua chini ya taa. Alinionyesha kitufe chenye herufi T. Yeye ndiye anayekibonyeza kila mwisho wa mwezi, hamwachii mtu.

Nawe mchague mtu wa kukibonyeza nyumbani kwako.